Ukingo wa Klishe

Katika hospitali ndogo ya Kasongo ninakofanya kazi kwa miaka mingi sasa, watu wawili tulipoteza majina yetu. Wa kwanza ni mimi. Nilikaa mlangoni nikiandika kadi za wagonjwa, kadi tunazoziita fishi, na baada ya muda hata mume wangu akawa ananiita Mama wa Fishi. Wa pili ni yeye. Alipiga picha za mifupa na mapafu, picha ambazo huku kwetu huitwa radio, basi naye akawa Papa wa Radio. Alizaliwa wapi, baba yake nani, babu yake alikuja Kasongo akifuata nini, hayo kawaulizeni watu wa mtaa wake karibu na msikiti. Watawaeleza mpaka chai ipoe. Mimi nataka kueleza jinsi nilivyomwekea kinyongo miaka nenda rudi, na kwa nini msimu huu wa kiangazi nilipanda pikipiki mpaka Kabambare kumtafuta.

Alikuwa mrefu na mwembamba, na kofia yake nyeupe ya kufuma sikuwahi kuiona na doa. Kucha zake zilikuwa za kahawia kwa dawa za kuoshea filamu, na mchana kutwa alinukia siki. Filamu ikishapigwa na kuoshwa tunaiita klishe. Klishe zake alizianika kwenye kamba nyuma ya chumba cha giza, akazibana kwa vibanio vya nguo, na upepo ukija mbavu za watu wa Kasongo zilicheza pale pamoja na mashuka ya wodi. Wagonjwa walikuja kusimama chini ya kamba, kila mmoja akitafuta za kwake. "Ile ya pili njo yangu," mmoja angesema, na mwenzake angebisha, na Papa wa Radio angetoka kuwaamulia.

Alikuwa bahili wa filamu kuliko mtu yeyote niliyemjua. Ziliruka kwa ndege mpaka Kindu, kisha zikaja kwa barabara, na barabara yetu mnaijua. Kwa hiyo alizikata kwa mkasi mle gizani, kwa kupapasa tu: nusu kwa mkono, robo kwa kidole. Mgonjwa akilalamika kwamba jirani yake alipigwa kwa filamu kubwa na yeye kapewa kipande, Papa wa Radio alimjibu bila hasira, "Kidole hakipewi shuka ya kitanda, ndugu yangu." Mgonjwa alicheka, na kidole kikapigwa.

Pembeni ya kila mgonjwa, juu ya filamu, aliweka kitu alichokiita ngazi. Kilikuwa vipande vya sufuria kuukuu alivyovikata mwenyewe: hapa kipande kimoja, hapa viwili vimelaliana, hapa vitatu, mpaka saba. Klishe ikikauka, ngazi ilionekana pembeni kama vidaraja vya kijivu, chuma kinene cheupe zaidi, chembamba cheusi zaidi. Alilinganisha kifua cha mtu na vidaraja vile kabla ya kusema lolote. Nikamuuliza siku moja kwa nini anahangaika na mabati. "Mugonjwa anabadilika kila siku, Mama wa Fishi," akasema. "Ngazi haigonjwi."

Tena alikuwa mtu wa kingo. Bugali aliula kuanzia pembeni, akazunguka sahani yote ndipo aingie katikati. Msibani alisalimia kwanza waliokaa mwisho wa mkeka, wale ambao hakuna anayewajua. Na klishe mbichi akiipandisha dirishani, macho yake yalianza pembeni kabisa, kwenye ule utepe mwembamba ambao mashine haikuugusa na ambao hubaki wazi kama kioo. Aliuzunguka utepe ule pande zote nne, polepole, kana kwamba anakagua pindo la nguo. Daktari wetu kijana alikuwa akipiga mguu chini kwa kukosa subira.

"Papa, ugonjwa iko katikati!"

"Niko nakuja, Dokta. Niko njiani."

Tulimcheka sana kwa hilo. Hakuna aliyemuuliza sababu, hata mimi niliyekuwa rafiki yake, kwa maana mtu ukishamzoea unadhani kila kitu chake ni tabia tu.

Sasa niwaambie habari za mbinguni, maana huwezi kumweleza mtu huyu ukaziacha. Kulikuwa na fundi aliyetoka mbali kuja kutengeneza mashine yetu, akaondoka akimwachia gazeti la Kifaransa lililokosa jalada. Ndani yake mlikuwa na makala ya kurasa mbili kuhusu nyota na hewa. Papa wa Radio aliisoma mpaka karatasi ikalainika kama kitambaa. Baadaye simu zilipoanza kushika mtandao Kasongo, vifurushi vyake vyote viliishia huko. Jioni alipomaliza kazi alikaa barazani, mbele ya kibanda ambamo akina mama waliokuja kulinda wagonjwa wao walipika, na pale ndipo alipofundisha bila kuombwa.

"Kuna nyota zinapiga radio," alituambia mara ya kwanza. "Haziko na mashine, haziko na jenereta, zinapiga tu, usiku na mchana."

"Zinapiga nani?" akauliza mama mmoja aliyekuwa akitwanga sombe ya majani ya mihogo.

"Zinapiga hewa yetu. Sikia. Juu kabisa kuna satelaiti inaangalia nyota moja. Nyota inashuka nyuma ya dunia, sawa vile jua inashuka. Kwanza mionzi yake inapita juu ya hewa yote, inafika muzima. Kisha inapita mu hewa nyepesi, inapungua kidogo. Kisha mu hewa nzito, inapungua sana. Kisha haifiki tena. Kwa kuangalia namna inapungua, wanajua hewa ya kule iko kiasi gani. Hawakufika kule, lakini wanajua."

"Na kwa nini wasiende wenyewe?"

"Baluni inachoka mbele ya kufika. Satelaiti ikishuka pale inaungua. Ile pahali ni sawa barabara ya Kabambare mu mvua: kila mutu ana habari yake, hakuna mwenye alipita."

Akina mama walicheka mpaka mchi ukasimama. Lakini yeye hakuishia kwenye maneno. Nyuma ya kibanda ulisimama mnara wa mbao wenye pipa la maji, na fundi wa maji alikuwa rafiki yake. Jioni zisizo na upepo, moshi wa mafiga, yaani meko ya akina mama, ulitanda uani ukatulia, mzito chini na mwembamba juu. Papa wa Radio alimtuma fundi wa maji apande na taa, kisha ashuke ngazi ya mnara hatua kwa hatua, naye akakaa barazani akiitazama taa ikishuka nyuma ya moshi. Juu iliwaka vizuri. Kisha ikawa ya manjano, kisha nyekundu, kisha ikapotea. Alihesabu hatua kwa vidole, akafumba macho, akasema, "Leo mafiga iko saba." Mtu akakimbia kibandani kuhesabu, na mara nyingi yalikuwa saba kweli.

Wagonjwa walioweza kutembea walitoka wodini kuangalia mchezo ule. Siku moja alisema tisa na yakakutwa matano tu, watu wakamzomea. Akaingia kibandani mwenyewe, akainama, akatoka na kuni iliyokuwa inatoa povu. "Kuni mubichi," akasema. "Inavimbisha moshi. Na kule juu ni vile vile: jua ikichafuka, hewa inapata moto, inavimba, satelaiti inaanza kukokota miguu." Alifurahia kosa lake kuliko alivyokuwa akifurahia kupatia. Mimi nilipenda jioni zile. Kulikuwa na wagonjwa wangu, moshi, na taa ikishuka taratibu ndani yake, na kwa muda mtu aliweza kusahau kwa nini tuko hospitali.

Ukitaka mambo yake yasiyopatana, yapo tele. Aliyependa juu kiasi kile aliogopa kupanda hata kiti. Ndiyo maana fundi wa maji alikuwa na kazi. Aliyepiga vifua vya watu wote hakukubali kupigwa chake. "Nijue nini?" alisema. "Nikijua, nitalala?" Watu wa msikiti walipotoka kwenda kutafuta mwezi wa Ramadhani, walipenda aende nao kwa sababu ya macho yake makali, ila walirudi wakinung'unika. Wenzake wakishauona mwezi walikuwa na haraka ya kwenda kutangaza, yeye alibaki kilimani akiutazama ukizama. Aliniambia kwamba karibu na ardhi mwezi unaonekana umechoka, lakini hauko umechoka, ni hewa ndiyo imekuwa nyingi. "Tunalaumu mwezi bure," akasema.

Na jambo lisilopatana kuliko yote ni hili. Mtu huyu aliyekata filamu ya kidole kuwa robo, alichukua filamu moja nzima, ile kubwa ya kifua, akaitia katika kasha lake lisiloingiza mwanga, akalizungushia plastiki nyeusi, akampa fundi wa maji aliweke juu ya mnara. Walilitengenezea kijipaa cha nyasi. Nyasi hazizuii mionzi, alisema. Angeiacha pale kutoka mwezi mwandamo mpaka mwezi mwandamo, kisha aioshe aone kama nyota imeacha alama.

"Vitabu vinasema nini?" nikamuuliza.

"Vinasema haifiki chini. Hewa yote yenye iko juu yetu, ukiigeuza maji, ni kina cha mita kumi. Watu wa Nyangwe wanajua mita kumi za muto Lualaba ni nini. Mionzi ya nyota haiwezi kupita pale."

"Basi unangoja nini?"

"Nangoja kuona kama kweli hakuna kitu." Akatabasamu. "Vitabu vilipima kwao, Mama. Nani alipima Kasongo?"

"Kidole unakinyima shuka, na mbingu unaipa nzima?"

"Mbingu ni kubwa," akasema, na kwa kweli aliona haya kidogo. Kisha akaniegemea kama mwenye siri. "Tuko chini ya muto, Mama wa Fishi. Mita kumi. Sisi wote hapa ni samaki."

Siku ile nilirudi nyumbani nikitembea polepole. Niliona akina mama wakitoka sokoni na beseni vichwani, miguu yao ikisukuma vumbi bila sauti, na nguo zikipepea nyuma yao kana kwamba zinasukumwa na maji. Niliona mwanga ukishuka kati ya michikichi kama unavyoshuka mtoni, ukivunjikavunjika. Nikahisi uzito ule juu ya mabega yangu, mita kumi, wala haukuniumiza. Nilimkuta mume wangu amelala kwenye mkeka mdomo wazi, nikacheka peke yangu nikidhani ni kambale. Sijawahi tena kutembea Kasongo kwa raha kama siku ile.

Kisha wakamleta baba yangu.

Alitoka Wamaza kwa pikipiki, amefungwa kwa kitenge mgongoni mwa dereva ili asidondoke. Alikuwa akikohoa tangu wakati wa kupanda karanga, na sasa karanga zilikuwa zimeshavunwa. Mikono yake, iliyokuwa ikinibeba nilipokuwa mdogo, ilikuwa imebaki mifupa na ngozi. Maabara walipima makohozi yake mara tatu, mara tatu hawakuona kitu. Daktari kijana aliniita pembeni. Alisema akiona kivuli mahali fulani kwenye pafu, atamwanzishia dawa za kifua kikuu leo leo. Asipokiona, basi ni kitu kingine. Hakunieleza kitu kingine ni nini, nami sikumuuliza.

Lakini masanduku ya filamu yalikuwa matupu. Gari lililoleta mzigo mpya lilikuwa limekwama matopeni wiki nzima, na vipande vya mwisho vilikwisha kwa mguu wa mtoto siku mbili kabla. Nilimfuata Papa wa Radio kwenye chumba chake. Alikuwa amesimama katikati ya makasha yake, mikono imening'inia. Nikamwambia ni baba yangu. Akageuka kutazama dirishani, kule kwenye mnara wa maji.

"Iko moja," akasema.

Ilikuwa imekaa kule juu siku ishirini. Fundi wa maji aliishusha, na kasha lilikuwa na moto kiasi kwamba alilibadilisha mkono kwa mkono. Mvua mbili zilikuwa zimepita juu yake. Papa wa Radio alilipokea, akaliweka shavuni kwa kitambo kidogo, uso wake ukawa wa mtu mwingine. Wakati ule nilidhani anasikitikia nyota yake.

Baba alivua shati. Akasimamishwa kifua mbele, mabega yamesukumwa, na ile ngazi ya mabati pembeni yake. "Vuta pumzi, Papa. Funga." Mashine ikalia. "Pumua." Lakini baba hakupumua, alibana mpaka macho yakamtoka, mpaka nikamshika bega. "Nilifikiri ningoje mpaka wamalize kuiosha," akasema, na alipoanza kukohoa hakuweza kuacha. Tukakaa kwenye benchi mlangoni kungoja, mimi na yeye, mkono wake ndani ya mkono wangu.

Papa wa Radio alitoka chumba cha giza na klishe ikidondosha maji. Akaipandisha dirishani. Nilikuwa nimeona akifanya hivyo mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu, na nilijua tabia yake, ila siku ile nilimwomba Mungu aiache. Hakuiacha. Alianza na ukingo. Alishuka upande wa kushoto, akapita chini, akapanda upande wa kulia, akamaliza juu. Kila kona alisimama. Baba yangu alikuwa pale, hatua nne tu kutoka kwake, na mbavu zake zilikuwa pale dirishani, na mtu huyu, nilivyodhani, alikuwa akitafuta alama ya nyota yake mahali pasipo na kitu.

Kisha akatabasamu. Hakikuwa kicheko kikubwa, ila uso wote ulifunguka, akafumba macho, akasema taratibu, "Alhamdulillahi."

Baba alinibana mkono. "Umeona?" akaninong'oneza. "Anacheka. Niko muzima."

Ndipo macho ya Papa wa Radio yakaingia katikati, na tabasamu likaondoka. Akamwita daktari. Kivuli kilikuwepo, juu ya pafu la kulia, kiasi cha yai la kuku. Nilimwona baba akitazama nyuso zao, ya mmoja kisha ya mwingine, na mkono wake ukalegea mkononi mwangu. Sijui kama naweza kueleza. Yule mzee alikuwa amepewa uzima kwa muda wa pumzi tano, kisha akanyang'anywa.

Dawa zilianza siku ile ile. Nilimfuata Papa wa Radio uani, kwenye kamba ya klishe, nikamwambia mbele ya watu, "Ulicheka juu ya mbingu yako kabla ya kuangalia baba yangu."

Akatazama viatu vyake, akasema, "Pole, Mama."

Tangu siku ile sikukaa tena barazani jioni. Tulisalimiana kwa kichwa tu, kama watu wanaopishana njiani. Mchezo wa taa na moshi haukuchukua muda ukafa, na sitadanganya, kufa kwake kuliniridhisha. Baba alimaliza dawa zake miezi yote bila kuruka, akarudi Wamaza kwenye mihogo na karanga zake, akaishi miaka mingine mingi na kuona vitukuu. Yeye hakuwa na kinyongo chochote. Kila nilipokwenda kumsalimu aliniuliza, "Na yule mwenye kofia nyeupe? Alinipiga muzuri sana." Mimi nilimjibu kwamba hajambo. Baba alipofariki, Papa wa Radio alikuja msibani, akasalimia kwanza watu wa mwisho wa mkeka, na mimi nikaingia ndani ili asinifikie.

Baadaye alistaafu, akaenda kukaa kwa binti yake Kabambare. Sikumuaga.

Mwaka huu hospitali ilipata mashine mpya, isiyotumia filamu wala dawa, na picha inatokea kwenye kioo kabla mgonjwa hajashusha mkono. Tukaambiwa tusafishe chumba cha giza. Nilikaa sakafuni na bunda la klishe za zamani nikizipanga kwa miaka, na nikamkuta baba. Fishi iliyobandikwa pale ilikuwa ya mwandiko wangu. Niliipandisha kwenye mwanga, na nadhani kwa sababu sikuweza kuzitazama zile mbavu mara moja, macho yangu yalikwenda pembeni. Pale kwenye ukingo ulio wazi, mtu alikuwa amekwaruza kwa ncha ya sindano maneno madogo sana: *Mbingu, hakuna. Joto, hakuna.*

Nililielewa la mbingu. La joto sikulielewa. Nililala na neno lile siku tatu, siku ya nne nikaifunga klishe kati ya makatoni mawili nikatafuta dereva.

Njia ya Kabambare ilikuwa vumbi tupu. Tulishuka kwenye madaraja ya magogo tukasukuma, tukapanda tena. Vilima vilikuwa vimefunikwa na moshi wa watu wanaochoma mashamba, na jua likawa duara jekundu ambalo ungeweza kulitazama bila kufumba macho. Nikajikuta nahesabu mashamba mangapi yanaungua.

Nilimkuta nyuma ya duka dogo la binti yake, amekaa kwenye kiti cha kamba, kofia nyeupe bila doa. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Aligeuza sikio aliposikia hatua.

"Nani?"

"Mama wa Fishi, Papa."

Mikono yake ilianza kutafuta kitu magotini. "Jambo, Mama," akasema mwishowe. "Ulileta fishi yangu? Siku yangu imefika?"

"Bado, Papa. Nilileta klishe."

Binti yake alituletea chai, akarudi dukani. Nikamwambia nimeleta klishe ya nani, na nilichosoma pale ukingoni. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nikamuuliza joto ni nini.

"Filamu haipendi joto," akasema. "Haipendi unyevu. Ikikaa na joto siku mingi, inaingia ukungu yenyewe, bila nyota, bila mashine. Ukiiosha inatoka nyeusi-nyeusi popote. Pale huwezi kujua tena hii kivuli ni ya mugonjwa, ao ni ya filamu." Akaweka kikombe chini. "Nilitia filamu ya wagonjwa juu ya munara, Mama. Kwa kuchezea tu. Ilitoka kule ikiwa na moto sawa chungu. Na ilikuwa ya mwisho. Nilipopiga baba yako nilikuwa naogopa. Kama kando ingetoka muchafu, ningemwambia Dokta nini? Dokta angeona ukungu juu ya kifua, na asingejua kama atoe dawa ao asitoe. Kando njo inakuambia kama filamu inasema kweli. Kwanza kando. Kila siku, kwanza kando."

"Na ilikuwa safi."

"Ilikuwa safi pande zote ine."

"Kwa nini hukuniambia? Miaka yote ile, Papa!"

"Ningekuambia nini? Kwamba nilikosa, halafu kosa halikuua? Hiyo ni kutafuta sifa." Kisha akasema jambo ambalo ningeweza kufa bila kulisikia, na nafurahi sikufa. "Na tena, sitakudanganya. Nusu ya furaha ile ilikuwa ya mbingu. Kando ilikuwa safi, basi filamu ni muzima, Dokta atajua dawa ya baba yako. Na kando ilikuwa safi, basi nyota haikufika, na hewa ya Kasongo ni nene sawa vile wanasema. Zilikuja pamoja. Sikuweza kuzikata, nikupe tu nusu yenye ungependa."

Nililia. Sikulia kwa uchungu wa baba, huo ulikwisha zamani. Nililia kwa zile jioni zote barazani ambazo nilijinyima, mimi mwenyewe, kwa kiburi, na fundi wa maji ameshakufa na kibanda kimebomolewa. Papa wa Radio alikisikia kilio changu, akasogeza kikombe chake cha chai upande wangu, kwa kupapasa, mpaka kikagusa cha kwangu.

"Ngazi yangu iko pale?" akauliza baada ya muda.

"Iko. Vidaraja saba."

"Nisomee basi. Mimi siwezi tena."

Nikafungua makatoni. Nikasimama mlangoni ambako mwanga uliingia, mwekundu kwa moshi wa mashamba, nikaipandisha klishe kwa mikono miwili. Baba yangu alikuwa pale katikati, mabega yamesukumwa, amebana pumzi akingoja wamalize kuiosha.

"Nianzie wapi, Papa?"

"Ni baba yako," akasema. "Anzia kwenye unapenda."

Nikaanza na ukingo.